Mumeo si bahili, ameshtukizwa tu
Dada, unauliza kama ni ubahili mumeo kununa baada ya tiketi mbili za viti vya mbele kwenye ukumbi wa maigizo, ulizonunua bila kumwambia, kumaliza pesa yenu ya matembezi ya mwezi mzima. Mimi naona ameshtukizwa tu. Mke wangu aliwahi kunifanyia hivyohivyo. Onyesho zima nilikuwa nakunja na kukunjua tiketi mfukoni, napiga hesabu huku mfalme anakufa jukwaani. Siku hizi tunakubaliana kiasi kabla hata ya kuangalia ratiba, na tunakaa juu, roshani. Uso wa mwigizaji huuoni vizuri, kweli, ila jukwaa lote unaliona. Jaribuni pia maonyesho ya mchana katikati ya wiki, mara nyingi huwa nafuu. Na usinunue tena kimyakimya, hata kama ni zawadi.