Mtoto Alipimwa Kila Mwezi, Mama Yake Akasahaulika

Wiki iliyopita dada mmoja wa Manyoni alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Dada, mimi kifafa cha mimba nilikipata mwaka juzi, nikajifungua, presha ikashuka. Sasa wewe kila siku unatuhimiza tupime. Tupime nini tena?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nilale zangu. Nikashindwa. Hilo swali mimi niliishi nalo miaka mitatu bila hata kujua kwamba ni swali.

Tuanzie mwaka 2019. Mimba ya kwanza, wiki ya 34. Miguu ilivimba hadi viatu vya ofisini nikaviweka pembeni, nikawa naenda kazini na malapa ya bafuni. Pete ya ndoa ilitolewa kwa sabuni ya mche na mafuta ya alizeti: mume wangu anavuta, mdogo wangu kanishika kiwiko, mimi nacheka. Nilikuwa nacheka jamani! Kila mtu alisema ni kawaida, mimba ya mtoto wa kiume ndivyo inavyovimbisha. (Nilizaa msichana.) Kichwa kiliponiuma siku ya tatu mfululizo nikaanza kuona vimulimuli, kama wale kumbikumbi wanaozunguka taa mvua ikinyesha. Ndipo tukapanda bajaji. Mashine ikasoma 172 kwa 114, na mkojo ukakutwa na protini nyingi: dalili za kifafa cha mimba.

Sindano za magneziamu sitazisahau. Joto linaanzia makalioni linapanda hadi masikioni, kama mtu kakumwagia chai ukiwa umelala. Lakini ndizo zinazozuia degedege, kwa hiyo sina neno nazo. Usiku huo huo nikafanyiwa upasuaji, mtoto akatoka na kilo 1.8. Ya wodini nayaacha, wengi wenu mnayajua.

Siku ya kuruhusiwa nesi aliniambia, tena kwa upole kabisa, "Mama, presha ya mimba dawa yake ni kujifungua. Imeisha hiyo." Sehemu ya maneno yake ni kweli. Ugonjwa unaanzia kwenye kondo la nyuma: lisipojishikiza vizuri, linamwaga kwenye damu vitu vinavyoumiza utando wa ndani wa mishipa. Likitoka, presha za wengi hushuka, ingawa siku chache za kwanza baada ya kujifungua inaweza kupanda zaidi hata ya ulivyokuwa na mimba. Ambalo hakuniambia ni kwamba mwanamke aliyewahi kupata hali hii ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuugua moyo au kiharusi huko mbele kuliko mwenzake ambaye hakuipata, na uwezekano wa kuwa na presha ya kudumu ni mkubwa zaidi ya hapo. Hili si jambo la jana. Chama cha Moyo cha Marekani kiliiweka kwenye orodha ya vihatarishi vya moyo kwa wanawake tangu mwaka 2011, pamoja na kisukari cha mimba.

Mimi naielewa hivi: mimba ni moko. Ukifeli moko hujafeli mtihani wa taifa, ila umeonyeshwa somo linalokushinda. Mimi nilipewa matokeo ya moko nikayafungia kabatini.

Dawa nilizopewa nikameza wiki sita, nikajisikia vizuri, nikaacha. Kliniki nilikwenda sana. Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, miezi tisa, mwaka na nusu, na kati ya hapo kila mwezi kupima uzito. Kadi ya mwanangu bado ninayo, mstari wa uzito unapanda kama barabara ya kwenda Chimwaga hapa Dodoma. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, analia, anaandikiwa, tunaondoka. Mashine ya presha ilikuwa pale pale mezani, hatua mbili kutoka kwenye benchi nililokalia. Hakuna aliyenifunga mkono, na mimi sikuunyoosha. Nililaumu sana upande wa pili, leo naona na mimi nilikuwa na mdomo.

Nyumbani nako arobaini ilikuwa arobaini kweli. Mama mkwe alishuka kutoka Bahi na samli, kuku wa kienyeji na kapu la samaki wa chumvi. Mlenda ulipikwa kwa magadi na juu yake chumvi tena. Nilipotaja presha akaniambia, "Mkamwana, presha ni mawazo. Acha mawazo." Yeye simlaumu, alinipenda kwa namna yake. Wifi yangu ndiye aliyesema najitia ugonjwa wa mjini ili nisiingie jikoni. Miaka imepita, nimesamehe, lakini mnaona bado naandika.

Nane Nane ya mwaka 2022, viwanja vya Nzuguni. Nilikwenda kuangalia mbegu za alizeti kwa ajili ya shamba letu, jua kali, vumbi hadi kwenye meno. Kulikuwa na banda la kupima afya bure, nikaingia kwa sababu ya kivuli. Kijana wa pale alinifunga mkono, akatazama, akanifunga tena mkono wa pili. Akaniuliza, "Mama umekuja na nani?" 168 kwa 104. Nilikuwa na miaka 34 na sikuwa naumwa popote.

Baadaye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha ukuta wa moyo, upande wa kushoto, umeanza kunenepa. Moyo ni msuli, ukisukuma mzigo mzito kila siku unajijaza kama mikono ya wabeba magunia wa soko la Majengo, na kwa moyo hiyo si sifa. Daktari aliniuliza swali moja tu lililonimaliza: "Uzazi wako wa kwanza ulikuwaje?" Kumbe ndilo swali lililopaswa kuulizwa miaka yote.

Akaniuliza pia nazuia mimba kwa njia gani. Vidonge vya majira, nikamwambia, karibu mwaka wa pili. Akatikisa kichwa. Vile vyenye homoni mbili, yaani vyenye istrojeni ndani, vinaweza kupandisha presha, na mwenye presha huwa hapewi. Kuna kitanzi, kuna kijiti, kuna vidonge vya homoni moja. Nilivinunua duka la dawa kama nanunua pipi, muuzaji hakuuliza na mimi sikusema.

Na kwa kuwa tumegusa homoni, acha niseme la binamu yangu wa Kongwa. Yeye hakuwa na presha, alitokwa na damu nyingi mno baada ya kujifungua, akaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka hata tone. Hedhi haikurudi. Akawa mtu wa kusinzia, kuhisi baridi mchana kweupe, nywele za kwapani zikapukutika. Kijijini wakasema karogwa na mke mwenzake wa zamani, ng'ombe wawili wakauzwa kwa mganga. Kumbe damu ikipotea nyingi kwa mkupuo, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoziamrisha tezi nyingine, inaweza kufa njaa. Daktari mmoja Mwingereza, Sheehan, aliieleza hali hii mwaka 1937, na jina lake ndilo inaloitwa. Leo binamu anameza vidonge vya homoni kila asubuhi na analima mwenyewe. Ng'ombe ndio hawakurudi.

Sasa na mimi nijisifu kidogo, nimevumilia vya kutosha. Mwaka 2024 nilijifungua mtoto wa pili, miezi tisa kamili. Safari hii nilimwona daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa niliyokuwa nameza haifai kwa mtoto aliye tumboni, nikabadilishiwa. Wiki ya 12 nikaanzishiwa aspirini ya dozi ndogo. Chumvi nikaiondoa mezani, magadi nikayafukuza kabisa, mlenda nikaupika kwa karanga. Jioni natembea kutoka Ipagala hadi miguu iseme basi. Wifi alikuja kuniona wodini. Nilimwonyesha karatasi ya presha kabla sijamwonyesha mtoto.

Kwa hiyo wapendwa, pimeni presha. Najua mnataka viwanja, mnataka kupanda vyeo, mnataka mtoto wa pili na wa tatu, na mimi navitaka vyote hivyo. Pimeni presha. Kama ulipata kifafa cha mimba, au kisukari cha mimba, sema kila unapoingia kwa daktari, hata umeenda kwa jino. Sukari nayo ipimwe, kwa sababu ile ya mimba inaweza kurudi na miguu yake. Nunua mashine ya kufunga mkono wa juu, kaa dakika tano, miguu chini, usiongee, usipime umetoka kugombana na dada wa kazi. Na ukiona mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya kwanza ya kulea unashindwa kulala chali, unalundika mito ili upate pumzi, usingoje asubuhi. Huo si uchovu wa kulea, moyo unaweza kuwa umeanza kushindwa, na kliniki ya moyo tunayo hapa hapa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa. Acheni kusema "sina muda." Muda wa kusuka nywele saa sita tunao.

Yule dada wa Manyoni nilimwandikia nusu ya haya. Juzi akanijibu: "Dada, nimeenda zahanati. 152 kwa 98. Ila nesi kasema labda ni kwa sababu nimetoka kupanda ngazi."

Nimemwambia arudi kesho asubuhi, apime tena mikono yote miwili. Zahanati za huko kwetu nazijua, hazina ghorofa.