Taa zilipowashwa upande wa pili

Mmeuliza wiki hii: je, tiba ya familia, yaani familia kuketi pamoja kuzungumza na mtaalamu, inaweza kurudisha heshima iliyovunjika nyumbani? Nilitaka kujibu hapana, tena kwa mkato. Heshima ya mtoto kutomjibu mzazi hupatikana hata kwa fimbo. Kinachovunjika ni utu: mtu kusemwa mbele yake kama kabati. “Huyu mvivu, huyu mwongo,” naye ameketi papo hapo. Na wataalamu nao walifanya hivyo miaka mingi, tena kwa utaratibu rasmi.

Chumba chao kilikuwa na kioo cha upande mmoja: aliye nyuma yake huona bila kuonekana. Familia iliketi na mhoji. Nyuma ya kioo, gizani, wenzake walisikiliza kwa kipaza sauti, wakamwita nje, wakampa la kuuliza, wakamrudisha. Familia ilijua inajadiliwa, ila haikujua inasemwaje.

Machi 1985, mjini Tromsø, kaskazini mwa Norwei, utaratibu huo ulikwama. Daktari wa akili Tom Andersen na wenzake walikuwa gizani, mwenzao akizungumza na familia iliyoelemewa na dhiki. Walimwita, wakampa swali lenye matumaini. Akirudi, punde amezama tena pamoja nao. Wakamwita tena, ikawa vilevile. Mwishowe wakaiuliza familia kama ingependa kuwasikia wao wakizungumza. Familia ikakubali. Taa za chumba cha familia zikazimwa, za timu zikawashwa, sauti ikageuzwa, na waliokuwa wakitazamwa wakawa watazamaji. Wazo hilo Andersen alikuwa nalo zamani, akaliogopa: je, maneno makali waliyozoea kuyasema faraghani yangewaponyoka? Hayakuwaponyoka. Ni vigumu kumwita mama “king’ang’anizi” huku ukijua anakutazama.

Nimekaa mno Tromsø, najua, lakini kanuni zilizofuata zinatoka humo. Timu izungumzie yaliyosikika chumbani, si ya kwenye faili. Iseme “huenda”, “najiuliza kama”. Wanatimu watazamane wao kwa wao, wasiikodolee macho familia, ili asiyetaka kusikiliza awe huru kutazama dari. Dakika 5 hadi 10 zatosha, kisha familia ndiyo iseme kwanza. Kazi huharibika timu inapomwaga sifa, kwa maana anayeteseka huona hakusikilizwa, au kila mmoja anapoleta mawazo sita na mtoto akapotea njiani.

Wataalamu wasio na kioo wala timu, ambao ndio wengi, wanaweza kuanza na jambo dogo: mzazi akisema “hataki kula”, mtoto aulizwe yeye mwenyewe, na awe na ruhusa ya kunyamaza. Baba asiulizwe habari za madeni mbele ya watoto kabla hajakubali.

Basi jibu langu limegeuka: inaweza, mradi mtaalamu aanze kwa kuchunga ulimi wake. Sisemi hivyo palipo na kipigo. Hapo kila mtu asikilizwe peke yake kwanza, maana anayeogopa hasemi kweli mbele ya anayemwogopa, na akisema huenda akalipia nyumbani. Kwa wengine, mwulizeni mtaalamu mapema: “Ukiandika ripoti juu yetu, tutaisoma?” Akikataa bila kueleza sababu, mimi ningetafuta mwingine, ingawa pengine ofisi yake ndiyo inayomfunga mikono.