Jibu: Gazeti la watu wa Lamu lilikuwa lipi?

Salaam ndugu yangu. Umeuliza zamani watu wa Lamu walisoma gazeti gani. Kwa pwani yetu, anza na Al-Islah, alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kule Mombasa mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alihimiza elimu, ya wasichana pia, na kwa hilo namheshimu sana.

Lakini gazeti la Lamu hasa, naona mimi, ni shairi. Miaka ya 1970 tungo za uchaguzi zilirekodiwa kwenye kaseti, zikapita mkono kwa mkono. Watu wameketi barazani, utepe unarudishwa nyuma ili ubeti ushikike. Waulize wazee wenye kaseti hizo, na uzinakili mapema. Unyevu wa pwani huziotesha kuvu.