Siku ya Kutua Isiwe na Kiingilio

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilituuliza wasomaji: familia inaposafiri kwa kikundi kwenda nje ya nchi, siku ya kwanza itumiwe vipi ili fedha isipotee na watu wasichoke? Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu: siku ya kutua isipangiwe kitu chochote chenye kiingilio. Isiwe na makumbusho, kasri wala mashua ya watalii; iwe na maji ya kuoga, chakula cha moto, kitanda, sala, na matembezi mafupi ya kuujua mtaa mliofikia. Nayasema haya nikiwa mkazi wa Shangani hapa Mtwara, niliyesafiri na ukoo wetu kwenda Istanbul katika likizo ya Desemba. Tulikuwa watu zaidi ya kumi, kuanzia mama yangu mzazi, aliyekwisha kuvuka miaka 70, hadi mjukuu wake wa darasa la pili.

Pengine mtu atauliza kwa nini Desemba. Kwa familia za huku kusini zinazoishi kwa korosho, fedha ya maana huingia baada ya minada inayoanza mwezi Oktoba, na shule nazo hufungwa Desemba. Kwa hiyo safari ya kuwachukua watoto na wazee kwa pamoja haina wakati mwingine wa kufaa. Lakini Desemba ya Istanbul si ya Mtwara. Saa zetu na zao ni zilezile, kwa kuwa tangu mwaka 2016 Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, ikabaki saa tatu mbele ya saa ya Greenwich kama sisi, na jambo hilo huwafanya wengi wadhani kwamba hakuna cha kuzoea. Kumbe jua lina mambo yake. Mwishoni mwa Desemba, jua la Mtwara huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, ilhali la Istanbul huchomoza saa mbili na robo ikiwa imekwisha kupita, na kuzama hata saa kumi na mbili kasorobo haijafika. Mwanga wa siku nzima ni wa saa tisa na dakika chache. Joto la mchana huwa nyuzi 11 hivi, usiku hushuka hadi kama 6, na mara nyingi kuna mvua pamoja na upepo wa baharini ambao hauna undugu na huu wetu wa Mikindani.

Sasa tupige hesabu ya siku yenyewe. Ndege yetu iliondoka Dar es Salaam usiku mkubwa, ikakaa angani kwa zaidi ya saa saba, ikatua asubuhi. Kiwanja kipya cha Istanbul, kilichofunguliwa mwaka 2018, ni kikubwa kiasi kwamba kutoka mlango wa ndege hadi kwa maofisa wa uhamiaji peke yake ni safari kamili kwa mtu mwenye magoti mabovu. Kuna foleni ya pasipoti, kuna kusubiri mizigo, kuna kuhesabu watu, kuna mtoto anayetaka kwenda msalani wakati mzigo wa mwisho ndio kwanza unatokea. Kisha inafuata barabara ya kilomita zipatazo 40 hadi eneo la Sultanahmet, ambako vikundi vingi hufikia. Hata kila kitu kikienda sawa, adhuhuri inawakuta njiani. Mwanga uliobaki ni wa saa nne hivi, na wazee hawajalala kitandani tangu usiku wa juzi.

Hapo ndipo mawakala wa safari wanapoharibu. Hoteli nyingi hukabidhi vyumba kuanzia saa nane mchana, na ule muda ulio kati ya kutua na kupata chumba ni pengo ambalo wakala hulijaza kwa kitu anachokiita ziara ya mji, kwa sababu basi amekwisha kulikodi na kiongozi wa ziara analipwa kwa siku. Ratiba hiyo ikisomewa sebuleni Mtwara, inapendeza sana: siku ya kwanza tu mmekwisha kuiona Hagia Sophia, msikiti wa Sultan Ahmet na soko! Ikisomewa watu waliokesha, wenye miguu iliyovimba, ni adhabu waliyoilipia wenyewe.

Siku hiyo, ukumbi wa hoteli yetu ulikuwa hivi: watoto wamelala juu ya mabegi, Mama ameketi kwenye kochi, koti zito limefungwa vifungo hadi shingoni, kanga imetandwa juu ya koti, viatu amevivua na kuviweka sawasawa mbele yake kama aliye barazani. Kijana aliyekuwa akituongoza, ambaye wakala wetu alimtuma, alishika karatasi ya ratiba akitukumbusha kwa adabu kwamba basi haliruhusiwi kuegeshwa pale kwa muda mrefu. Wenzangu wakanitazama mimi, nami nikamtazama Mjomba, kwa maana huku kusini, iwe kwa Wamakonde, Wayao au Wamwera, mtu awe na shahada ngapi, katika mambo ya ukoo kauli ya mjomba ndiyo inayosikilizwa. Mjomba hakutoa kauli. Aliinama kidogo akamuuliza Mama, “Dada, unasemaje?” Mama akajibu bila kuinua uso, “Mwambieni kijana huyu mimi ni mgeni. Nimefika sasa hivi, hata maji sijapewa.”

Katika jibu lile imo hoja yangu yote. Kwa watu wa umri wa Mama, kwenda nje ya nchi si jambo geni hata kidogo. Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa pande hizi walikuwa wakivuka kwa mitumbwi kuwaona ndugu zao miaka mingi kabla ya Daraja la Umoja, lile la mita 720 pale Mtambaswala, kufunguliwa mwaka 2010. Aliyevuka alitandikiwa mkeka, akapewa maji ya kuoga, akala, akalala. Hakuna mwenyeji aliyempeleka shambani jioni ileile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakala wa safari humkabidhi mgeni jembe siku ya kwanza, tena kwa malipo ya euro.

Kwenye euro hapo sifanyi mzaha. Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikageuzwa msikiti mwaka 1453, ikafanywa makumbusho katika miaka ya 1930 na kurudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, ni jengo ambalo mtu hulitazama kwa utulivu au asilitazame kabisa. Tangu Januari 2024, mtalii kutoka nje hulipa euro 25 ili aione kutoka ghorofa ya juu. Kwa watu wazima sita hizo ni euro 150, na kwa familia iliyouza korosho ili isafiri, hizo ni fedha za kutumiwa na mtu aliye macho. Sioni busara ya kumlipia mzee kiasi hicho ili akasinzie chini ya kuba maarufu kuliko karibu zote duniani, huku mtoto akilia kwa baridi na kijana wa ziara akitaja miaka ambayo hakuna anayeisikia.

Je, lile pengo la kabla ya saa nane lijazwe na nini? Dawa yake ni vyumba viwili. Wakati wa kuweka nafasi, kikundi kilipie vyumba viwili kuanzia usiku uliotangulia, ili viwe wazi saa yoyote mtakayofika. Kimoja wapumzike wazee na wenye watoto wadogo, kingine wengine waogee kwa zamu na kuweka mizigo. Gharama hiyo ikigawanywa kwa watu wote haimuumizi mtu. Sisi hatukuwa tumepangiwa hivyo na wakala, lakini Mjomba alikwenda mapokezi akauliza, ikaonekana kwamba vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kusafishwa, tukaongeza malipo na kukabidhiwa funguo. Basi likaondoka tupu. Kijana wa ziara, nadhani, alifurahi kuliko sisi.

Saa chache zilizofuata hazikuwa za uvivu, kwa maana kuna mambo madogo ambayo yasipozoewa siku ya kwanza yatawasumbua hadi ya mwisho. Plagi za Uturuki ni za pini mbili za duara, zetu nyingi ni za pini tatu bapa. Kama adapta ziko chini kabisa ya begi la mtu mmoja, simu zote zitazimika jioni, na kikundi kisicho na simu katika mji wa mamilioni ya watu ni kikundi kilichopotea. Chooni kuna kibomba kidogo kilichofichwa ndani ya sinki lenyewe, na koki yake iko ukutani pembeni. Mama, aliyekuwa amebeba kopo lake kutoka nyumbani kwa kuwa aliambiwa kwamba huko kwa Wazungu watu hutumia karatasi, alilirudisha kopo kwenye begi akasema kumbe hawa ni wenzetu. Chakula nacho kilituliza watu: supu ya dengu nyekundu yenye ndimu, mkate wa moto, na wali kwa wale ambao hawawezi kusema wamekula bila wali. Korosho alizokaanga Mama zilizunguka mezani baada ya hapo, na mhudumu naye akapewa zake kiganjani.

Kuhusu sala, wengi wetu tulikuwa Waislamu, na Desemba ya huko huzibana sala za mchana: Adhuhuri huingia saa saba na dakika chache, Alasiri saa tisa na nusu hivi, na Magharibi karibu saa kumi na mbili kasorobo. Msafiri ameruhusiwa kupunguza na kujumuisha, na waliotaka ruhusa hiyo waliitumia. Lakini ratiba ya wakala, iliyojaza kila saa ya mwanga, haikuwa na nafasi hata kwa hao. Jioni, waliokuwa na nguvu walitembea polepole hadi msikiti wa Sultan Ahmet, uliojengwa kati ya mwaka 1609 na 1616, wenye minara sita, ambao hauna kiingilio. Nyakati za sala watalii huzuiwa na wanaosali huingia. Kwa hiyo hakuna kupanga foleni, ilimradi mtu awe amekwenda kusali kweli.

Najua vijana watapinga, na wetu walipinga. Walisema hawakuja Uturuki kulala. Jibu la haki si kuwafungia chumbani, wala si kuwakokota wazee kwa ajili yao. Wapewe mtu mzima mmoja mwenye subira, wapande tramu ya T1 hadi Eminönü, si mbali kutoka Sultanahmet, watazame mashua na wavuvi wa Daraja la Galata, wale mkate wa samaki, warudi kabla ya Isha. Wetu walirudi wakitoa hukumu kwamba samaki wa kwetu Msangamkuu ni bora, hukumu ambayo sikuona sababu ya kuichunguza.

Mambo mawili hufanywa hapa nyumbani, nayo huamua siku hiyo itakuwaje. Mosi ni barabara. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na waliosafiri Mei 2024, wakati mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata njia katika mkoa wa Lindi, wanajua kwamba basi linaweza kutofika. Desemba nayo ni mwezi wa mvua. Kikundi kiwe Dar es Salaam angalau siku moja nzima kabla ya ndege, walale, waondoke wakiwa hai. Pili ni makoti. Huko madukani ni ghali, lakini katika mitumba ya hapa Mtwara makoti mazito huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna anayeyahitaji katika joto letu. Yanunuliwe mapema, yafuliwe, na yabebwe mkononi ndani ya ndege pamoja na dawa za presha za wazee, kwa sababu begi lililokabidhiwa linaweza kuchelewa, na baridi ya kule haisubiri begi.

Mwisho ni karatasi. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwambieni wakala aandike kwenye ratiba kwamba siku ya kutua ni ya mapumziko, kwamba basi la siku hiyo ni la kutoka kiwanjani hadi hotelini tu, na kwamba vyumba viwili vitakuwa wazi mnapofika. Akisema kwamba bei haibadiliki hata ziara ya mji ikiondolewa, mwulizeni wakala mwingine. Mwambieni pia aangalie siku za juma, kwa kuwa kasri la Topkapı hufungwa Jumanne na lile soko kubwa la kuezekwa, Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili. Sisi tulitua Jumatatu, hivyo Jumanne tulianzia sokoni, saa nne asubuhi, baada ya chai, na aliyetangulia kuingia alikuwa Mama.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara