Nimeambiwa nina kirusi cha HPV, mume wangu anauliza nimekitoa wapi

SWALI: Dada muuguzi, shikamoo. Nina miaka 36 na watoto watatu. Mwezi uliopita nilipima mlango wa kizazi, nikaambiwa nina kirusi cha HPV. Wakanipaka siki, hawakuona doa, wakaniandikia tarehe ya kurudi. Mume wangu anauliza nimekiokota wapi. Wifi yangu anasema hiyo ndiyo saratani yenyewe. Je, saratani inaambukizwa? Na binti yangu wa miaka 12 alichanjwa shuleni, atazaa kweli?
Mama wa watatu, Muheza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wifi yako ana haraka. Saratani haiambukizwi, kinachoambukizwa ni kirusi, na hiki ni cha kawaida mno, wengi wetu tuliowahi kulala na mwanamume tumepishana nacho. Kwa watu tisa katika kumi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi, na mtu hajui kama kilipita.

Tabu ni kile kinachong'ang'ania. Kirusi hakina mitambo ya kujizalisha, hutumia ya seli, na mitambo hiyo huwaka seli inapojigawa. Sasa seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi zimeshastaafu kujigawa, kwa hiyo HPV huzilazimisha. Kila seli ina askari wa geti anayeizuia isijigawe ovyo, na ina mkaguzi wa vinasaba: akikuta ufa husimamisha kazi, ufa ukiwa mkubwa huamuru seli ijiue. Kirusi huja na protini mbili. E7 humfunga askari mikono, E6 humwondoa mkaguzi kabisa. Hapo seli hujigawa na nyufa zake, watoto wake wakazirithi na kuongeza zao. Na kirusi chenyewe hakifaidiki kitu na saratani! Kilitaka kuzaana tu.

Kazi hiyo huenda polepole, miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri. Kwa mwenye VVU ambaye hatumii dawa inaweza kuwa 5 hadi 10, kwa hiyo kama hujapima VVU, kapime. Huo muda mrefu ndio bahati yetu. Siki unayoiona ni ileile kama ya kachumbari, imepimwa tu ukali wake: tunapaka kwa pamba, tunasubiri dakika moja, tunamulika taa. Seli zilizobadilika hugeuka nyeupe kama ukoko wa uji uliokaukia sufuriani. Doa la namna hiyo hugandishwa au huchomwa kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Wewe hukuwa nalo. Tarehe uliyopewa ni ya kuangalia kama kirusi kimeondoka, usiikose hata kama ni msimu wa machungwa.

Dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo. Anayekuuzia mizizi ya kusafisha kizazi, mwache na mizizi yake.

Kuhusu mumeo: HPV inaweza kujificha miaka mingi, na hakuna kipimo kinachosema iliingia lini wala kwa nani. Huenda yeye ndiye aliyekuja nayo kabla hajakuoa, huenda ni wewe. Zamani nilikuwa namwambia mama "una kirusi, urudi mwakani," nafunga faili. Mmoja alirudi kweli mwakani, na talaka mkononi. Tangu siku hiyo namwita mume, akae kwenye benchi asikie kwa masikio yake. Siku yako ya kurudi nenda naye.

Binti yako atazaa akitaka. Ndani ya chanjo hamna kirusi, ni ganda lake tupu la protini ambalo mwili hujifunzia sura ya adui, na halina njia ya kugusa uzazi. Humkinga na aina ya 16 na ya 18, ambazo husababisha kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa sindano moja, kwa wa miaka 9 hadi 14, hivyo yeye amemaliza. Akifika 30 atapima kama wewe, maana asilimia 70 si 100.

Na wifi, muulize yeye alipima lini.