Kabla hujasaini karatasi ya upasuaji wa sikio la mwanao

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili siku nilipodondosha mfuniko wa sufuria jikoni. Mimi mwenyewe nilishtuka. Yeye alikuwa amekaa sakafuni amenipa mgongo, anapanga vizibo vya soda, na hata bega halikutikisika. Nikauokota mfuniko, nikaudondosha tena kwa makusudi. Halafu mara ya tatu. Nilijua pale pale, lakini ilipita miezi kumi kabla sijapata mtu wa kuniandikia kwenye karatasi kile nilichokiona jikoni kwangu.

Daktari wa kwanza tuliyemwendea alimmulika koo, akampigia makofi mbele ya uso. Mtoto akacheka, maana aliiona mikono. "Mama, punguza wasiwasi," akaniambia, "wapo wanaochelewa, huyu ataongea tu." Nikamshukuru, nikaondoka. Nimelelewa kwamba daktari haulizwi mara mbili, na nyumbani shangazi zake walikuwa na hadithi za baba yake aliyesema akiwa na miaka mitatu. Nami nilitaka kuamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nawaomba sana wazazi wenzangu, msikubali mtoto apimwe kwa makofi. Kuna kipimo kinachoitwa BERA. Mtoto analala, mara nyingi kwa dawa, anabandikwa nyaya ndogo kichwani, na mashine inasoma kama sauti inafika kwenye ubongo. Hahitaji kujibu wala kugeuka, kwa hiyo hata kichanga anapimika. Muda una thamani kubwa hapa, kwa sababu ubongo hujifunza lugha kwa kasi katika miaka ya mwanzo kuliko wakati wowote mwingine. Na kama mtoto alipoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo, kimbieni zaidi: homa ile inaweza kuacha sikio la ndani likijijaza mfupa, na mfupa ukishajaa, kifaa cha kusikia kinachopandikizwa humo kwa upasuaji (kwa Kiingereza, cochlear implant) hakipati njia ya kuingia.

Daktari wa pili alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo. Nilimwendea na daftari la mtoto wa kaka yangu, nimeandika maswali kumi na saba. Aliligeuza jalada akachora konokono. Ndani ya sikio, akasema, kuna kijumba chenye umbo hili, koklea, na ndani yake kuna vinywele vya kupokea sauti. Vya binti yako haviwezi kazi. Sasa tutapitisha uzi mwembamba wenye vituo vidogo vya umeme humu ndani, tuuamshe mshipa wa fahamu moja kwa moja. Nje, nyuma ya sikio, atavaa mashine yenye maiki, na kisahani kinachoshikwa na sumaku juu ya ngozi. Ubongo haufunguliwi. Hilo la ubongo lilikuwa swali la mama mkwe wangu, na aliporudishiwa jibu usiku ule alilala.

Aliniambia na yasiyopendeza bila kumvuta ulimi. Kwamba mshipa unaoendesha uso unapita jirani na pale wanapochimba mfupa, na jinsi wanavyoulinda. Kwamba usikivu kidogo uliobaki unaweza kupotea. Kwamba lazima achanjwe chanjo ya nimonia kabla, kwa sababu kifaa kinaongeza hatari ya homa ya uti wa mgongo. Kwamba kwanza atavaa vifaa vya kawaida vya kukuza sauti kwa miezi kadhaa tuone kama vinamsaidia, maana upasuaji si wa kila kiziwi. Nikamuuliza lililokuwa la mwisho kwenye daftari: ataongea? Akaweka kalamu chini. "Sijui, mama. Nitakueleza nilichokiona kwa wengine, lakini wa kwako siwezi kukuahidi."

Hapo ndipo nilipomwamini. Yule aliyeniambia "ataongea tu" hakuwa na kipimo mkononi. Huyu alikuwa na vipimo vyote, na bado alisema hajui.

Sisi Watanzania tuna bahati ambayo wazazi wa zamani hawakuwa nayo. Mpaka mwaka 2017 watoto walikuwa wakipelekwa India kwa upasuaji huu. Mwaka huo Muhimbili wakaanza kuufanya wenyewe, kwa gharama isiyofika nusu ya ile ya nje. Bado ni mamilioni mengi, na usipige hesabu ya upasuaji peke yake. Uliza betri zinauzwa wapi, waya ukikatika unapatikana kwa muda gani, mashine ikipotea shuleni nani atalipa, nauli ya kwenda kurekebishiwa sauti kila mara, na mtaalamu wa matamshi utamwona mara ngapi kwa mwezi. Sisi waya wa kwanza ulikatika mwezi wa nne, akakaa wiki tatu bila kusikia.

Siku ya kuwashwa kifaa, wiki nne baada ya upasuaji, nilikwenda na simu tayari kurekodi tabasamu kama yale ya kwenye video. Alipiga ukelele, akakibandua kisahani, akakitupa chini ya meza. Hakuna aliyekosea, hajawahi kusikia kitu maishani. Sauti ya kwanza aliyonionyesha mwenyewe ilikuwa ya mvua. Ilikuwa imepita miezi mitatu. Akaacha uji, akanyoosha kidole kwenye mabati, akanitazama mpaka nilipomwambia: "Mvua. Mvua hiyo."

Kuna mtu alinishauri niache kuzungumza naye kwa alama za mikono, eti zitamfanya mvivu wa kusema. Nilimrudia daktari wangu na swali hilo. Akakiri kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani, akanieleza hoja za pande zote mbili, akaniachia uamuzi. Tuliendelea na Lugha ya Alama ya Tanzania, tukifundishwa na dada mmoja kiziwi wa mtaani kwetu, na sijajuta hata siku moja. Kifaa kikizimwa mwanangu ni kiziwi: kwenye beseni la kuoga, akiogelea baharini, betri ikiisha kwenye daladala.

Na usiku. Sasa ana miaka sita, anakivua mwenyewe, anakiweka kwenye kikopo cha kukausha unyevu, anafunga kifuniko kwa mikono miwili. Kisha anavuta shuka, ananigonga mkono: taa isizimwe kwanza, hadithi ya sungura haijaisha, na bila mwanga hataiona mikono yangu.