Programu ya kulipia mara moja ukamalizana nayo, bado ipo?

Mkuu, umeuliza kama bado ipo programu ya picha na kadi ambayo mtu analipia mara moja, bila makato ya kila mwezi. Mimi natengeneza kadi za harusi na sendofu za ndugu, na picha napiga kwa kupenda tu, hela siingizi. Nakujibu kwa upande huo.

Zipo za bure na zipo za kukodi. Za katikati, za kulipia mara moja, ndizo zinazokwisha. Adobe, wenye Photoshop, walihamia Creative Cloud, yaani ya kukodi, mwaka 2013, ikabaki Lightroom 6, ya kurekebisha picha za kamera, mpaka 2017. Nayo haikuwa ya milele: kamera ya Canon EOS M50 ilipotoka 2018 na mafaili ghafi ya aina mpya, CR3, Lightroom 6 haikuyatambua. Lazima uyageuze kwanza kwa DNG Converter ya Adobe, ambayo angalau ni ya bure.

Wengi wakakimbilia Affinity, programu za picha na usanifu, unalipa mara moja basi. Canva, wale wa usanifu wa mtandaoni, wakainunua kampuni hiyo 2024, na Oktoba 2025 wakatoa toleo jipya bure. Watu wameshangilia, mimi bado nasitasita: ni lazima ufungue akaunti ya Canva, na mwenye nyumba asiyedai kodi leo anaweza kuidai kesho.

Kwa za bure, picha za kamera tumia darktable. Ina vitufe vingi mpaka inakera, ila utaizoea. Kuchora, Krita. Kadi mpya zianzie Inkscape.

Kazi ipo kwenye mafaili yako ya zamani ya PSD, yaani ya Photoshop. Ukiyafungua kwa GIMP, programu ya bure ya picha, leya (tabaka za kazi yako) zinakuja vizuri, lakini jina la bibi harusi limeshageuka picha. Huwezi kufuta Rehema ukaandika Zuhura. Yafungue kwa Photopea, programu ya bure ya kwenye brauza, maandishi yanabaki maandishi. Matangazo ya pembeni vumilia tu. Kama fonti huna, ipakie kwanza, la sivyo herufi zitabadilika na mistari itavurugika.

Wanaokushauri uwekewe kreki, yaani Photoshop ya wizi, na fundi wa mtaani, achana nao. Ukiacha virusi, kila kadi unayohifadhi kwa PSD inazidi kukufunga kwa hao hao Adobe unaowakimbia.

Mwenye iPad ana nafuu, Procreate, ya kuchora, bado inalipiwa mara moja. Wewe mashine yako ina RAM kiasi gani? Kama ni GB 4, darktable itakutesa, nikuelekeze RawTherapee, nyingine ya bure ya picha za kamera.